Echingi ni nini, na kwa nini sio kuchonga

Ukiona chapa ya zamani ya Ulaya, yaani picha iliyochapwa kwenye karatasi kutoka kwenye bamba la metali, ile ya vimistari vidogo vidogo, matunda mbele alafu milima na miti huko nyuma, usikimbilie kusema imechongwa, yaani mistari imekatwa kwenye bamba kwa mkono na kifaa chenye ncha kali. Inawezekana ni echingi, na kwenye echingi anayekula bamba ni asidi, msanii kazi yake ni kuionyesha tu pa kula.

Iko hivi, bamba la shaba linapakwa nta iliyochanganywa na lami mpaka lienee lote, alafu unachora kwa sindano juu ya hiyo nta, hata hukandamizi, unaparua tu shaba ionekane. Ukilitia kwenye asidi inakula palipoparuliwa. Unatoa nta, unapaka wino, unapangusa ili ubaki kwenye mifereji, unalaza karatasi yenye unyevu na kuipitisha kwenye mashine ya kubana. Picha inatoka imegeuka, ya kulia iko kushoto, ndo maana sahihi zingine utakuta ziko kinyumenyume.

Sasa utamu uko kwenye muda. Mstari uliokaa sana kwenye asidi unakuwa mpana na wa kina, unashika wino mwingi. Kwa hiyo mlima wa mbali unauloweka kidogo tu, unatoa bamba, unaufunika mlima kwa vanishi, unarudisha bamba ndani na lile tunda la mbele linaendelea kuliwa mpaka liwe jeusi la kushiba. Msanii Jacques Callot wa Nancy, mji ulioko Ufaransa ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1600 alikuwa fundi kweli wa huu mchezo.

Ila wasanii wa mwanzo wa echingi hawakuwa na huo mchezo wa kuloweka kwa awamu. Daniel Hopfer wa Augsburg, Ujerumani, alikuwa anapamba deraya za vita kwa asidi, na kwenye mwaka 1500 hivi ndo akaileta mbinu hiyo kwenye karatasi. Albrecht Dürer, msanii maarufu wa Ujerumani, naye akajaribu kati ya 1515 na 1518, kwa bamba za chuma sio shaba, ile chapa yake yenye mzinga wa vita na mandhari ya kijiji ni ya 1518, mistari yake mbele na nyuma inakaribia kulingana unene, alafu akaachana nayo, na mimi simlaumu maana chuma kinaota kutu.

Kuzitofautisha angalia mwisho wa mstari kwa lenzi: wa kuchonga unachongoka kama mkia wa panya, wa echingi unaishia butu.