Dharura ya afya ya akili kijijini: maswali na majibu

Dharura ya afya ya akili ni ipi?

Ni hali isiyoweza kusubiri kesho. Mtu anasema anataka kujiua. Anasikia sauti zinazomwamuru kudhuru watu. Hajalala siku kadhaa na maneno yake hayashikani. Mama aliyejifungua majuzi anaanza kumwogopa mtoto wake. Kuchanganyikiwa kwa ghafla huweza pia kuletwa na homa kali, sukari kushuka au kuumia kichwa, kwa hiyo apimwe mwili kabla hajaitwa mwendawazimu.

Kwa nini huduma haifiki vijijini?

Daktari wa akili yuko hospitali kubwa, na usiku usafiri haupatikani. Kuna na kizuizi kingine. Kijijini watu wanajuana: ukionekana umeingia chumba cha ushauri, habari inafika nyumbani kabla yako. Familia inaficha, inasubiri, hadi siku mambo yanapoharibika, na wanaoitwa ni vijana wenye kamba. Kamba naitaja makusudi. Mtu aliyefungwa mikono na jirani zake atawaogopa hao hao wanaotakiwa kumsaidia kesho.

Bila daktari bingwa, nani atasaidia?

Waliopo, wakifundishwa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha mpango wa mhGAP, unaowaandaa wauguzi na matabibu wa kawaida kutambua na kutibu sonona, saikosisi (mtu kupoteza uhusiano na uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo), kifafa na hatari ya kujiua. Nchini Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani mjini Harare kuwasikiliza watu kwenye benchi la kituo cha afya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi halichukui nafasi ya wodi, ila humkuta mtu kabla hajafika ukingoni.

Namba ya simu ya msaada haitoshi?

Inasaidia sana ikiwa fupi, ya bure na inapokelewa saa 24, kama 988 iliyoanza Marekani Julai 2022. Lakini mpokeaji lazima ajue zahanati iliyo karibu na mpigaji, nani ana zamu, na gari litatoka wapi. Hayo hupangwa mapema, mchana, watu wakiwa watulivu.

Nikimuuliza kama anafikiria kujiua, sitamtia wazo hilo?

Hapana. Kumuuliza hakumsukumi, mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Kaa ubavuni pake, usimkabili kama hakimu. Muulize wazi: "Umefika mahali unafikiria kujiua?" Kisha nyamaza. Ukimya utakuwa mrefu, naye pengine atachora chini kwa kijiti bila kukutazama. Usiujaze kwa mawaidha wala kwa habari za wenye shida kubwa kuliko zake. Akikubali, usimwache peke yake, na usimwahidi kuwa itabaki siri yenu. Mwambie nani unamwita na kwa nini, kisha nendeni pamoja.

Dawa za kuua wadudu mashambani zinahusikaje?

Zinahusika mno, kwa sababu vijijini ziko chini ya kitanda au nyuma ya mlango. Kwa wengi wimbi la kutaka kufa hupanda kwa nguvu kisha hushuka, na sumu ikiwa mbali muda huo, mtu hupona. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, vifo vya kujiua vilishuka kwa takriban asilimia 70 tangu mwaka 1995. Nyumbani, zifungieni, au mpeni jirani azitunze.

Akisharudi kutoka hospitalini?

Wiki za kwanza zina hatari kubwa, na ndipo wengi husahauliwa. Kabla hajaruhusiwa, ijulikane mhudumu gani wa afya ya jamii atamtembelea, siku gani, na dawa zake atazichukua wapi zikiisha.

Na kama anayeumia ni mimi?

Mwambie mtu mmoja leo, hata kwa maneno machache: "Siko salama peke yangu, kaa nami." Ukishindwa kusema, mwandikie, au mwonyeshe sentensi hiyo aisome. Kisha mwende wote zahanati. Ukifika mlangoni, mwache yeye aanze kueleza.