Rada ya setilaiti na visiwa vya volkeno: dhana potofu na ukweli

Tarehe 26 Juni 2018 volkeno ya Sierra Negra ililipuka katika kisiwa cha Isabela, kwenye visiwa vya Galápagos nchini Ecuador. Kati ya mlipuko wa 2005 na siku hiyo, sakafu ya kaldera yake, lile bonde pana la kileleni, ilikuwa imeinuka karibu mita 6.5. Hicho ni kimo cha nyumba ya ghorofa moja. Hata hivyo, mtu aliyesimama pale asingeona kitu kikipanda, kwa kuwa kila kilichomzunguka kilipanda pamoja naye. Mlipuko ulipoanza, sakafu hiyohiyo ikanywea na kushuka mita 8.5.

Tunayajua haya kwa sababu ya vituo vya GPS vilivyosimikwa mlimani na rada za setilaiti zinazopita juu yake. Kuhusu hizo rada yamezagaa mambo mengi yasiyo ya kweli, na mengine huwatia watu hofu bure au huwapa imani isiyostahili.

“Setilaiti inaona magma chini ya ardhi.”

Haioni magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Rada ya setilaiti ya Ulaya, Sentinel-1, hutumia wimbi lenye urefu wa takriban sentimita 5.6, na wimbi hilo halipenyi mwamba. Linashuka kutoka karibu kilomita 700 angani, linagonga uso wa ardhi, linarudi. Kwa kuwa wimbi hupanda na kushuka, setilaiti huandika limerudi likiwa limefikia wapi katika kupanda na kushuka huko. Siku 12 baadaye inapita tena kwenye njia ileile na kuandika upya. Ardhi ikiwa imesogea sentimita moja kuielekea setilaiti, safari ya wimbi imefupika kwa sentimita mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na wimbi litafika likiwa mahali tofauti na mara ya kwanza.

Kinachopimwa ni hicho tu: umbali kati ya setilaiti na uso wa ardhi umebadilika kiasi gani baina ya siku mbili. Habari za magma zinapatikana kwa hesabu zinazofuata. Uvimbe uliotanda eneo kubwa kwa kawaida huashiria chanzo kilicho kina kirefu, na uliojikusanya mahali padogo huashiria kilicho karibu. Kwa Sierra Negra hesabu hizo huiweka hifadhi ya magma kwenye kina cha kilomita 2 hivi. Ni makadirio mazuri, lakini hakuna aliyeipiga picha.

“Penye rangi nyekundu ndipo penye moto.”

Hili ndilo linalosambaa zaidi, na ndilo linalonisikitisha zaidi, maana picha hizi hutumwa kwenye simu bila maelezo na watu wakaanza kuhama mioyoni. Picha yenyewe, inayotokana na kulinganisha mipito miwili ya setilaiti, huitwa intaferogramu. Huwa na pete za rangi kama upinde wa mvua, zikizunguka mlima, na kila mfululizo kamili wa rangi, kutoka nyekundu hadi nyekundu tena, ni badiliko la sentimita 2.8, nusu ya urefu wa wimbi. Rangi haina uhusiano wowote na joto. Nyekundu ni hatua moja tu katika mzunguko, sawa na kijani au buluu.

Kwa hiyo hesabu pete. Ukianzia pembeni, ambako ardhi imetulia, ukafika katikati umepita pete tano, basi katikati pamesogea sentimita 14. Kama ni kuinuka au kuzama, utajua kwa kuangalia rangi zinafuatana kwa mpangilio gani. Pete zikibanana, badiliko ni la ghafla mahali padogo.

Na si kila pete ni ya ardhi. Mvuke wa maji hewani huchelewesha wimbi. Unyevunyevu ukibadilika kwa asilimia 20 kati ya siku ya kwanza na ya pili, kosa linaweza kufika sentimita 10. Visiwani tatizo hili ni kubwa kuliko bara. Fikiria Karthala ya Ngazidja, visiwani Komoro, mlima wa volkeno wa mita 2,361 unaotoka baharini moja kwa moja: chini kuna hewa nzito ya pwani, juu kuna hewa kavu zaidi, na pete za hewa zinaukumbatia mlima zikifanana kabisa na pete za uvimbe. Mtaalamu makini hatangazi kitu kwa jozi moja ya picha. Hupanga makumi ya picha, kwa kuwa hewa hubadilika kila siku, ilhali ardhi inayovimba huendelea kuvimba.

“Kukiwa na mawingu haioni.”

Rada hutoa mawimbi yake yenyewe, haisubiri jua, na mawingu hayaizuii kupata picha. Desemba 2018, Anak Krakatau ya Indonesia ilipomomokea baharini na kusababisha tsunami iliyoua zaidi ya watu 400, kisiwa kilifunikwa na wingu la mlipuko. Rada ya Sentinel-1 iliyopita saa chache baadaye ndiyo iliyoonyesha sehemu ya mlima iliyotoweka.

“Ardhi ikivimba, lazima ilipuke. Isipovimba, tuko salama.”

Santorini, Ugiriki, ilianza kuvimba mwanzoni mwa 2011. Kufikia 2012 chini yake palikuwa pameingia magma inayokadiriwa kuwa mita za ujazo milioni 10 hadi 20, kisha uvimbe ukakoma. Hakuna kilicholipuka. Huku kwetu volkeno ya Longonot, Kenya, iliinuka sentimita 9 hivi kati ya 2004 na 2006, nayo ikatulia.

Watafiti waliwahi kujumlisha kumbukumbu za miaka 18 za setilaiti kwa volkeno 198. Kati ya hizo, 54 zilionyesha ardhi kusogea, na katika hizo 54 ni 25 zilizolipuka. Karibu nusu. Idadi hiyo inatosha kumfanya mtu akeshe, haitoshi kumwamuru ahame.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Kuna milipuko inayotokana na maji yaliyochemka chini ya kasoko, na hii huweza kuja bila uvimbe wa maana. Whakaari ya New Zealand ililipuka tarehe 9 Desemba 2019 ikiwa na watu 47 kisiwani, na 22 wakafa.

“Setilaiti inakesha juu ya kisiwa.”

Inapita, inaondoka. Kule La Palma, visiwa vya Canary, mfululizo wa mitetemeko ulianza tarehe 11 Septemba 2021 na zaha (lava) ikatoka tarehe 19. Siku nane. Wakati huo Sentinel-1 zilikuwa mbili na kwa pamoja zilirudi njia moja kila baada ya siku sita, na hata hivyo kwa kila njia unapata picha moja au mbili tu za kipindi chote cha hatari. Kilichowapa wataalamu taarifa za saa kwa saa ni vipima mitetemeko na GPS vilivyokuwa ardhini.

“Tukiwa na rada, vituo vya ardhini vya nini?”

Hapa ndipo kisiwa kinapotofautiana na bara. Vipimo vya rada ni vya kulinganisha: unachagua mahali unapoamini pametulia, kisha unasema pengine pamesogea kiasi gani kuliko pale. Bara unaweza kwenda kilomita mia moja kutoka mlimani ukapata mahali pa namna hiyo. Kisiwani unagota baharini. Juu ya maji ulinganisho hukatika, kwa sababu uso wa bahari haufanani kamwe kati ya picha mbili, na huwezi kuruka kutoka kisiwa kimoja hadi kingine ukiwa na hesabu ileile ya pete.

Sasa je, kisiwa kizima kikisogea? Ndivyo ilivyokuwa Maore, ambayo Wafaransa huiita Mayotte. Mei 2018 mitetemeko ilianza, mmoja ukafika kipimo cha 5.9, na watu wengine wakawa wanalala nje. Vituo vya GPS vikaanza kuonyesha kisiwa kinasogea mashariki na kuzama: baada ya muda kilikuwa kimekwenda takriban sentimita 20 na kushuka kati ya sentimita 10 na 20. Ukikipima kisiwa kama hicho kwa rada dhidi ya sehemu yake yenyewe, sehemu kubwa ya mwendo inafutika, unabakiwa na tofauti kati ya ncha na ncha. GPS haina shida hiyo, kwa kuwa hujipima dhidi ya dunia nzima. Mei 2019 meli ya utafiti iliikuta sababu: volkeno mpya chini ya bahari, kilomita 50 mashariki ya kisiwa, yenye kimo cha mita 820. Leo inaitwa Fani Maoré. Hakuna rada ya setilaiti ambayo ingeiona, maana imekaa kwenye kina cha mita 3,500.

Kwa Karthala kikwazo kingine ni msitu. Wimbi la sentimita 5.6 huishia kwenye majani, na majani ya leo si ya wiki mbili zijazo, hivyo picha mbili hazilingani. Wimbi la sentimita 24, kama la setilaiti za Japani na la NISAR ya Marekani na India iliyorushwa tarehe 30 Julai 2025, huvuka majani mengi likafika matawi makubwa na ardhi. Kwa miteremko ile ya kijani juu ya Moroni, ambako jivu la Novemba 2005 liliharibu matangi ya maji ya mvua ya maelfu ya familia, wimbi refu ndilo la kusubiriwa.