Kabla ya Kutafuta Kazi kwenye Kituo cha Skii, Tafuta Kitanda

Vijana wanaonijia kwa ushauri wa kwenda kufanya kazi msimu mmoja kwenye kituo cha skii, yaani mchezo wa kuteleza kwenye theluji, karibu wote huanzia kwenye kazi. Ipi inalipa? Ipi haina ushindani? Asiyejua kuteleza ataajiriwa? Mimi huwauliza watalala wapi. Kwa miaka niliyokaa kwenye kazi ya kuajiri na kupokea wafanyakazi wa msimu, sababu iliyowaondoa wengi kabla theluji haijayeyuka ni kodi ya nyumba.

Miji mingi yenye vituo hivi iko kwenye mabonde membamba. Ardhi ya kujenga ni kidogo, na mwenye nyumba anayeweza kumpangisha mtalii kwa usiku mmoja hana haraka ya kumpangisha mfanyakazi kwa miezi mitano. Ndivyo ilivyo Whistler nchini Kanada, na ndivyo ilivyo Queenstown nchini New Zealand. Kwa hiyo ukipata ofa mbili, moja ina mshahara mnono bila malazi na nyingine ina mshahara wa kawaida pamoja na kitanda kwenye nyumba za wafanyakazi, chukua ya pili, hata kama chumba ni cha watu wawili na jiko ni la watu wengi.

Ila usisaini kabla hujausoma mkataba wa kitanda kwa makini uleule unaousomea mkataba wa kazi. Kodi inakatwa kwenye mshahara au unailipa mwenyewe? Wiki ambayo saa zako zimepungua, kodi nayo inapungua? (Mara nyingi haipungui.) Ukiacha kazi au ukiachishwa, unapewa siku ngapi za kuondoka? Swali hili la mwisho ni zito kuliko yote, kwa sababu kitanda cha mwajiri kinasimama na kuanguka pamoja na kazi. Mtu anaweza kugombana na msimamizi wake asubuhi, na jioni akawa anatafuta pa kulala katikati ya majira ya baridi.

Jambo la pili ambalo wageni hawalitarajii ni kwamba saa za kazi zinafuata theluji. Kaskazini mwa dunia, vituo vingi hufunguliwa mwishoni mwa Novemba au Desemba na kufungwa Aprili. Theluji ikichelewa, lifti (mitambo ya viti inayopandisha watu mlimani) chache tu ndizo zinazozunguka, na wewe uliyewasili mapema unapata zamu mbili tatu kwa wiki huku kodi ikiendelea kuhesabika. Krismasi na Mwaka Mpya unafanya kazi hadi miguu inauma. Watalii wakiondoka, Januari inapoa, na saa zinapungua tena mpaka likizo za Februari. Mkataba unaosema “hadi saa 40 kwa wiki” haujakuahidi hata saa moja. Uliza kiwango cha chini kinachohakikishwa, na ukiombe kwa maandishi.

Tuje kwenye viza, ambako kila kitu kinategemea pasipoti yako. Viza ya likizo na kazi hutolewa kwa makubaliano kati ya nchi na nchi, na nchi isiyo na makubaliano hayo, raia wake hana njia hiyo. Kanada, Australia, New Zealand na Japani ni miongoni mwa nchi zenye vituo vya skii na mipango ya aina hii. Umri huwa kati ya miaka 18 na 30, na kwa baadhi ya nchi hadi 35. Marekani ina utaratibu wake mwingine: wanafunzi wa vyuo huenda kwa viza ya J-1 (ya mabadilishano) kupitia taasisi iliyoidhinishwa, ilhali viza ya H-2B (ya wafanyakazi wa muda) lazima iombwe na mwajiri mwenyewe.

Kanada naijua zaidi, kwa hiyo nitaitolea mfano. Unaweka wasifu wako kwenye mfumo wa uhamiaji na kusubiri kualikwa. Ukialikwa una siku 10 za kukubali, kisha siku 20 za kukamilisha maombi, kwa hiyo nyaraka ziwe tayari kabla ya mwaliko. Unapoingia nchini unaweza kutakiwa kuonyesha dola 2,500 za Kanada. Hicho ni kiwango cha mpakani. Ukikichukulia kuwa bajeti ya mwezi wa kwanza, utaumia.

Kisha bima. Lazima iwe ya muda wote utakaokaa. Ukifika na bima ya miezi sita ilhali unastahili kukaa mwaka mzima, ofisa wa mpakani anaweza kukupa kibali cha miezi hiyo sita tu, na kununua bima nyingine baadaye hakurefushi kibali. Nimeona watu wakipoteza nusu ya mwaka wao kwa kutaka kuokoa pesa kidogo hapa.

Angalia pia bima hiyo inagharamia nini. Ukiumia kazini katika jimbo la British Columbia, iliko Whistler, kuna mfuko wa fidia wa WorkSafeBC. Ukiumia siku yako ya mapumziko ukiteleza na wenzako, hapo umebaki na bima yako. Bima nyingi za kawaida haziwalipii wanaoteleza nje ya njia zilizowekewa alama, na bili ya helikopta ya uokoaji si ndogo. Theluji ikiwa nene, usiingie kati ya miti peke yako: kuzunguka shina hubaki shimo lililofunikwa na theluji laini, na anayetumbukia kichwa chini mara nyingi hawezi kujitoa.

Sasa kazi zenyewe. Nyingi hazihitaji ujuzi wa kuteleza. Mhudumu wa lifti hushinda kwenye baridi, huchimba theluji alfajiri, hupunguza mwendo wa viti mtoto anapopanda. Ni kazi ya heshima, maana usalama wa watu uko mkononi mwake. Usafi wa vyumba hutoa saa za uhakika, lakini hula mchana wote. Ualimu wa skii unataka cheti. Kwa mtu aliyekuja kwa ajili ya mlima, mimi hupendekeza jikoni zamu ya jioni: mchana ni wako, na mara nyingi unapata mlo.

Yeyote anayekudai pesa ili akupatie kazi, achana naye. British Columbia sheria inakataza kabisa kumtoza mtu ada ya kutafutiwa ajira. Kwenye nyumba za kupanga za kawaida huko, amana ya uharibifu haipaswi kuzidi nusu ya kodi ya mwezi. Anayetaka miezi mitatu kabla hujaiona nyumba huenda hana nyumba.

Na kabla ya kuondoka Aprili, mwachie mwajiri anwani utakayopatikana. Huko Kanada msimu wa skii hukatiza miaka miwili ya kodi ya mapato, kwa hiyo utakuwa na fomu mbili za T4, ambayo ni taarifa ya mwajiri ya mshahara wako na kodi aliyokukata. Ya Novemba na Desemba utaipata ukiwa bado kazini, ifikapo mwisho wa Februari. Ya Januari hadi Aprili hutolewa mwaka unaofuata, wakati wewe umeshaondoka zamani, na bila hiyo ni vigumu kudai urudishiwe kodi ya mapato uliyokatwa kupita kiasi.