Mng'ao wa maji kwenye gari jeusi ni kitu gani?

Mng'ao wa maji ni pale rangi nyeusi iliyo kavu kabisa inapoonekana kama imemwagiwa ndoo ya maji sasa hivi. Kung'aa peke yake hakutoshi, hata bati jipya linang'aa. Egesha gari mkabala na Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani hapa Mwanza, kisha angalia boneti: ukiona kingo za jiwe zimekatika vizuri kama kwenye kioo, mng'ao upo. Ukiliona jiwe ndani ya ukungu wa kijivu, bado.

Ukungu huo ni mikwaruzo. Rangi nyeusi humeza karibu mwanga wote unaopenya ndani yake. Kinachorudi machoni ni ile asilimia 4 hivi inayodunda juu ya klia, lile tabaka angavu linalofunika rangi. Klia ikiwa na mikwaruzo, mwanga huo hutawanyika ovyo na weusi unakuwa wa majivu. Maji huijaza mikwaruzo, uso unakuwa bapa, weusi unarudi. Ndiyo maana gari jeusi hupendeza likiwa linaoshwa, likikauka linakatisha tamaa. Wapo wanaolipaka dizeli au mafuta ya taa ili libaki "limelowa". Matokeo yake ni vumbi kunata na mipira ya madirisha kuharibika.

Mwanza ni mji wa mawe, na vumbi la mawe hayo lina chembe ngumu kuliko klia. Kulifuta gari kwa kitambaa kikavu asubuhi ni kulipiga msasa. Mwagia maji kwanza, kisha tumia ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya kusuuzia glovu ya kuoshea. Anza kwenye paa, malizia bampa na chini ya milango. Sabuni ya unga huondoa nta. Ziwani usilipeleke: maji ya ufukweni yana mchanga, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ndani ya mita 60 shughuli zinazoweza kuathiri ufukwe.

Baada ya kuosha, pitisha mkono uliovaa glovu nyembamba ya nailoni juu ya rangi iliyolowa. Ukihisi vichenga, vitoe kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, huku ukimwagia maji ya shampuu.

Sasa polishi, na hapa ndipo gari hupona au huharibika. Klia ya kiwandani huwa na unene wa maikroni 40 hadi 50 tu, chini ya unywele, na kila polishi hupunguza kidogo. Tumia mashine inayozunguka huku ikiyumba, yenye sponji laini. Weka matone manne ya ukubwa wa njegere, fanya eneo la sentimita 50 kwa 50, spidi ya 4 au 5 kati ya 6, pita mara nne hadi sita bila haraka. Futa, kisha pangusa kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili mafuta ya polishi yasikudanganye, umulike kwa tochi ya simu. Mikwaruzo bado ipo? Hapo ndipo upande kwenye polishi kali zaidi, si kabla. Kingo za boneti zipite kwa wepesi, klia huwa nyembamba pale. Mashine ya mzunguko wa moja kwa moja, kwa mkono usiozoea, huacha michirizi ya duara inayoonekana juani tu, gari likiwa limeshalipiwa.

Kitambaa kikitoka cheusi usishtuke: baadhi ya Toyota nyeusi za zamani, za rangi namba 202, hazina klia. Unachofuta ni rangi yenyewe, basi nenda taratibu.

Fanya kazi kivulini, bati likiwa limepoa. Kwenye bati la moto polishi hukauka na kuganda.

Nta ya kanauba, inayotokana na mti wa jamii ya mitende wa Brazili, huongeza kina na hudumu wiki chache. Ya kemikali hudumu miezi. Zote zipakwe nyembamba kiasi cha kuonekana kwa shida. Na ukiegesha karibu na soko la samaki la Mwaloni, kagua boneti jioni: kinyesi cha korongo kikipigwa jua hula klia. Kilaze kitambaa chenye maji juu yake dakika kumi, kisha kiinue bila kusugua.