Filta ya mafuta ikiziba angani, nani anashuka kuibadilisha?

Msimu wa korosho ukifika, malori yanashuka kutoka Newala na Tandahimba kuelekea bandari ya Mtwara, na dereva mzoefu hakosi filta ya dizeli ya akiba nyuma ya kiti. Gari linavuta vizuri, likikutana na kilima linalegea, unakanyaga mafuta halijibu, mwisho linazima. Utingo anashuka, anafungua filta, anamwaga maji yaliyojikusanya, anafunga mpya, anapampu kwa mkono mpaka hewa itoke, safari inaendelea.

Kijiweni Mtwara mjini, ndege ya kutoka Dar es Salaam ikipita juu kujiandaa kutua, utingo mmoja alimgeukia dereva wake: "Mzee, na ile ikiziba filta huko juu, nani anashuka?" Mzee alicheka tu. Lakini swali lenyewe ni zito, na jibu lake linawashangaza wengi: filta ya mafuta ya injini ya ndege ikiziba kabisa, inaacha kuchuja, uchafu unapita. Na imetengenezwa hivyo kwa makusudi.

Pembeni ya filta kuna vali ya mchepuko. Kadiri uchafu unavyojaa, presha ya mafuta upande wa kuingilia inaizidi ile ya upande wa kutokea. Kihisi kinapima tofauti hiyo, na ikifika kiwango kilichowekwa, onyo linatokea mbele ya marubani kwamba filta inakaribia kuziba. Ikizidi hapo, vali inafunguka yenyewe, mafuta yanaizunguka filta na kuingia injini pamoja na takataka zake. Sababu ni kwamba uchafu unaiua injini taratibu, unakwaruza pampu na kuziba noza, wakati injini iliyokosa mafuta inazima hapo hapo. Bora injini ichakae, abiria wafike.

Mpango huu una sharti moja: filta ibadilishwe kabla haijafika huko. Kwa hiyo hubadilishwa kwa saa za kuruka zilizowekwa kwenye ratiba ya matengenezo, hata kama kwa macho bado inafaa. Ile ya zamani nayo haitupwi tu. Ikiwa kuna dalili ya tatizo, fundi anaichana, anakunjua mikunjo yake na kuangalia kilichonasa humo. Kutu inaelekeza kwenye matanki au mabomba. Kwenye filta ya oili, vipande vya chuma vinavyong'aa ni habari mbaya zaidi, maana huenda beringi imeanza kuliwa, na hapo sampuli inapelekwa maabara.

Adui mkubwa wa mafuta ya ndege, kama ya lori, ni maji. Mafuta yenyewe, yanayoitwa Jet A-1, ni ndugu wa mafuta ya taa ya kwenye koroboi, na hayo hayo ndiyo yanayochomwa na ndege kubwa za pangaboi na za jeti. Hayagandi mpaka nyuzi 47 chini ya sifuri, lakini maji kidogo yaliyomo ndani yake yanaganda mapema sana. Na maji hayakosekani, hasa pwani yenye unyevu kama Mtwara au Lindi, kwa sababu tanki linapopungua mafuta, hewa ya nje inaingia kujaza nafasi, na ikipoa unyevu wake unageuka matone. Ndiyo maana mafundi hufungua vali ndogo chini ya bawa na kukinga mafuta kwenye chombo cha kioo. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yakiwepo yanakaa chini. Upande wa wajazaji mafuta kuna kipimo kikali zaidi: bomba la sindano lenye kidonge cha karatasi ya njano mdomoni. Mafuta yanavutwa kupitia kidonge hicho, na maji yaliyotawanyika mpaka hayaonekani kwa macho yanaigeuza ile njano kuwa kijani.

Tarehe 17 Januari 2008 dunia iliona barafu ndogo inaweza kufanya nini. Boeing 777 ya British Airways ikitoka Beijing, yenye watu 152, ilikuwa inakaribia kutua Heathrow, London, injini zote mbili zilipokataa kuongeza nguvu. Ilianguka kwenye majani mita 330 hivi kabla ya njia ya kurukia, na hakuna aliyekufa. Wachunguzi wa Uingereza walihitimisha kwamba barafu iliyojijenga kwenye mabomba ya mafuta wakati wa baridi kali ya safari ilibanduka na kuziba kifaa ambamo mafuta hupashwa joto na oili ya injini. Uso wa kifaa hicho ulikuwa na ncha za mirija midogo zilizochomoza, na barafu ikakwama hapo. Rolls-Royce, waliotengeneza injini hizo, walikisanifu upya, uso ukawa bapa, na mamlaka za anga zikaagiza vile vya zamani ving'olewe kwenye ndege zote zenye injini za aina hiyo.

Kisa cha pili kinakuna kichwa zaidi, kwa sababu mtuhumiwa ni filta yenyewe.

Filta za ardhini, zile zinazochuja mafuta yakitoka kwenye bomba la uwanja kuingia kwenye ndege, zina falsafa ya kinyume. Ardhini kusimamisha mafuta hakumdhuru mtu, kwa hiyo aina moja iliyotumika kwa miaka mingi ilitengenezwa ili ikikutana na maji izibe kabisa. Ndani yake mlikuwa na unga unaofyonza maji, wa jamii ile ile inayotumika kwenye pampasi za watoto. Maji yakiingia, unga unavimba, unakuwa kama uji mzito, njia inafungwa. Ukiitazama kwenye karatasi, huoni kasoro.

Kasoro ilijitokeza Surabaya, Indonesia. Uwanjani kulikuwa na kazi ya kuongeza mabomba ya mafuta yanayopita chini ya ardhi, na maji ya chumvi yakaingia humo. Chumvi inapunguza uwezo wa ule unga kufyonza. Badala ya kuvimba na kufunga njia, sehemu ya unga ilichomoka ikaondoka na mafuta kama vitufe vidogo visivyoonekana kwa macho. Tarehe 13 Aprili 2010, Airbus A330 ya Cathay Pacific ilijazwa mafuta hayo, ikaruka kwenda Hong Kong na watu 322. Vitufe vilikwamisha vali zinazopima kiasi cha mafuta kinachoingia kwenye injini. Wakikaribia Hong Kong, rubani Malcolm Waters na msaidizi wake David Hayhoe walijikuta na injini moja isiyoweza kupanda na nyingine isiyokubali kushuka, imekwama kwenye nguvu ya asilimia 70 na kitu. Walitua kwa mwendo wa karibu kilomita 430 kwa saa, breki zikawaka moto. Zaidi ya watu 50 waliumia wakati wa kutoka kwa slaidi za dharura, lakini wote walikuwa hai.

Kilichowekwa kuzuia uchafu ndicho kilicholeta uchafu. Utadhani kesho yake filta hizo ziliondolewa kila mahali. Wapi! Kiwango cha kimataifa kilichokuwa kikiongoza utengenezaji wake kilifutwa mwishoni mwa 2020, miaka kumi baadaye. Miaka kumi ni mingi, sibishi. Ila filta hizo zilikuwa kwenye magari ya kujazia mafuta ya viwanja vingi sana duniani, na kuzing'oa bila kuwa na mbadala uliopimwa kungeziacha ndege bila kizuizi cha mwisho cha maji. Mbadala uliopatikana ni filta zisizo na unga huo, pamoja na vihisi vya umeme vinavyosoma maji kwenye mafuta yanapopita.

Kipuri kibovu kikigundulika kwenye ndege yenyewe, utaratibu huwa mkali. Mtengenezaji anatoa waraka wa kiufundi, na mamlaka ya nchi iliyoidhinisha usanifu wa ndege hiyo, kama FAA ya Marekani au EASA ya Ulaya, inaweza kuugeuza kuwa agizo la lazima: kipuri chenye namba hii kitoke, kiingie chenye namba ile, kabla ya tarehe au saa kadhaa za kuruka. Agizo linawafikia wenye ndege kupitia mamlaka za nchi zao, na kwetu hiyo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Anayepitiliza muda, ndege inabaki chini.

Kubadilisha kwenyewe nako kuna mtego. Tarehe 5 Mei 1983, Lockheed L-1011 ya Eastern Air Lines iliondoka Miami, Marekani, kwenda Nassau, visiwa vya Bahamas, na watu 172. Alfajiri hiyo mafundi walikuwa wametoa vitambuzi vyenye sumaku vinavyonasa vipande vya chuma kwenye oili, na kurudishia vingine bila oringi, ule mpira mdogo wa kuzuia kuvuja. Walifanya hivyo kwenye injini zote tatu. Oili ikavuja angani, injini zikazima moja baada ya nyingine, mpaka marubani wakafanikiwa kuwasha moja tena na kurudi Miami salama. Siku hizi ndege za injini mbili zinazovuka bahari zina kanuni: fundi mmoja haruhusiwi kufanya kazi ya aina moja kwenye injini zote mbili katika matengenezo yale yale, na ikishindikana kabisa, lazima mwingine akague. Kama kuna kosa, libaki kwenye injini moja.

Na huwezi kwenda kununua filta ya ndege dukani hata kama inaenea. Kila kipuri kinatembea na cheti chake kinachoonyesha namba, kilikotoka na nani aliyekiidhinisha. Kilichotolewa kinafungwa lebo, na kibovu kabisa kinaharibiwa ili kisirudi sokoni. Wasiwasi huo una msingi: mwaka 2023 iligundulika kwamba kampuni moja ya London ilikuwa imeuza vipuri vya injini za ndege kwa vyeti vya kughushi, na mashirika makubwa yakalazimika kuvisaka na kuving'oa. Kwa hiyo onyo la filta likiwaka ndege ikiwa uwanja wa Mtwara na kipuri hakipo, abiria wanaweza kutangaziwa kuchelewa kwa sababu za kiufundi, wakae wasubiri filta moja ndogo ije kutoka Dar es Salaam pamoja na karatasi zake.