Ukiulizwa jina pale gatini, taja la kweli

Kila sikukuu ikikaribia sisi watu wa usalama wa majini tunapigwa swali lilelile, kwanini meli za visiwani zinachosha watu na orodha, jina, umri, mwanamke au mwanaume, mpaka kichanga kaandikwe, wakati basi unapanda tu unakaa. Jamani basi likipinduka watu wako palepale barabarani wanaonekana, meli ikizama inashuka na kila kitu, kinachobaki ni ile orodha iliyoachwa bandarini, na kama orodha ni ya uongo waokoaji nao wanatafuta kwa kubahatisha.

Chukua Ufilipino, nchi ya visiwa zaidi ya 7,000. Desemba 20, 1987 meli ya abiria Doña Paz inatoka Tacloban kwenda Manila, ikagongana usiku na meli ya mafuta inaitwa Vector, moto ukawaka mpaka juu ya maji. Orodha ilionyesha abiria 1,493 na kibali kilikuwa abiria 1,518, yaani kwa makaratasi meli ilikuwa safi kabisa! Waliopona kwenye meli zote mbili ni watu 26, na waliokufa wanakadiriwa kupita 4,000. Sasa wale wengine walitoka wapi? Kuna waliouziwa tiketi kwa bei ya chini humohumo melini, kuna waliopanda kwa tiketi za bure, na watoto wa chini ya miaka minne walikuwa hawalipi kwahiyo hawakuandikwa. Asiyelipa haandikwi, ndo ulikuwa utaratibu.

Tonga nako, nchi ya visiwa kule Pasifiki, Agosti 5, 2009 ikazama meli ya abiria Princess Ashika, idadi ya waliokuwemo ikawa inapanda kila ikitangazwa, mwisho ikaonekana walikuwa 128 na 74 wakapotea. Hapa nisidanganye mtu, orodha isingeizuia ile meli kuzama, ilikuwa ya mwaka 1972 na kutu ilishaila, tume ya uchunguzi ilisema wazi haikufaa kwenda baharini. Ila familia kukaa siku kadhaa hazijui kama mtu wao alipanda au hakupanda, hilo orodha nzuri inalizuia.

Alafu kuna jambo abiria wengi hawalijui, kichwa chako ni uzito. Kanuni za kimataifa za uthabiti wa meli zinamhesabu abiria mmoja kilo 75 bila mizigo, sasa wakizidi watu 300 wasioandikwa hizo ni tani 22 na nusu ambazo nahodha hana habari nazo, na mara nyingi ziko juu kwasababu kila mtu anataka upepo, uzito ukikaa juu meli inalala kirahisi na inachelewa kurudi, alafu watu wakikimbilia upande mmoja kuangalia kitu ndo inakuwa balaa. Majaketi ya kuokolea nayo yanafuata hesabu hiyohiyo, SOLAS, yaani mkataba wa kimataifa wa usalama wa watu baharini, inataka kila mtu awe na lake na ya watoto yasipungue asilimia 10 ya abiria, watoto wakizidi hapo yaongezwe mpaka kila mtoto apate. Mtoto ambaye hajaandikwa jaketi lake litatoka wapi?

SOLAS yenyewe lakini inabana safari za nchi hadi nchi. Kisiwa hadi kisiwa ndani ya nchi moja kila serikali ina sheria zake, ndo maana mwaka 2015 nchi zilikaa Manila chini ya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa majini, kuongelea hizi feri za ndani tu.

Kwahiyo tiketi ya kuuziwa mkononi kwa jina la mtu mwingine, nenda nayo dirishani ibadilishwe kabla hujapanda. Mtoto wa kubeba mgongoni mtaje, hata kama halipiwi. Na ukighairi safari rudi ukawaambie, maana kuna watu wanaweza kuzamia kukutafuta na wewe uko kwako umelala.