Kunyamaza Mbele ya Trafiki si Kukataa Kupuliza

Kila Disemba inapokaribia na Mombasa kuanza kujaa wageni, malalamiko yanayotufikia hufanana: dereva kasimamishwa usiku karibu na Daraja la Nyali, kapuliza alkoblo, ile mashine ya kupima ulevi kwa pumzi, halafu kortini anasomewa maneno aliyoyatamka mwenyewe kando ya barabara. Sisi mawakili wa msaada wa kisheria hatuna ugomvi na ukaguzi huo. Mlevi aliyeshika usukani huua, na askari anayekesha kwenye kizuizi cha barabarani yuko kazini. Lakini haki ya kunyamaza imo ndani ya Katiba ya 2010, na wengi ama hawaitumii ama wanaitumia pasipo pake.

Haki hiyo ni ya maneno. Haikupi ruhusa ya kupita kizuizi bila kusimama, kuficha leseni au kukataa kutaja jina. Tumechoka kuwaeleza watu kwamba kukataa kupuliza si kunyamaza. Ukikataa bila sababu ya msingi unaweza kujizalia shitaka jingine. Wala kunyamaza si kudanganya. Ukitoa jina la uongo, hilo nalo ni kosa.

Unachoweza kunyamazia ni maswali: umetoka wapi, umekunywa nini, chupa ngapi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinamlenga dereva aliyelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kwa hivyo ushahidi hautoki kwenye mashine peke yake. Hutazamwa pia ulivyoshuka, ulivyosimama na ulichosema. Tulimhudumia kijana mmoja ambaye kwa kuona haya alimwambia afande kwamba ile ni harufu ya dawa ya kikohozi. Punde akasema ni bia moja tu. Mwisho zikawa mbili, tangu magharibi. Yote matatu yaliandikwa daftarini, moja chini ya jingine, na kortini yakasomwa kwa mpangilio huohuo. Hakuna aliyemlazimisha.

Maneno haya yangemtosha: "Afande, jina langu ni hili na leseni yangu hii hapa. Nitapuliza. Maswali mengine nitayajibu nikishazungumza na wakili." Yaseme mara moja, kwa upole, kisha nyamaza kweli. Usimsomeshe askari Katiba barabarani.

Ukikamatwa, Ibara ya 49 ya Katiba inataka uelezwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa, haki yako ya kunyamaza, na matokeo ya kutonyamaza. Una haki ya kuwasiliana na wakili, na huwezi kulazimishwa kukiri. Unatakiwa kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Hapa watu hutupigia simu wakilalamika kwamba ndugu yao kashikwa Ijumaa usiku na Jumapili bado yuko ndani. Saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa, muda husogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata, yaani Jumatatu. Ndiyo maana tunahimiza muombe dhamana palepale kituoni. Ikiwa ni pesa taslimu, dai risiti, hakikisha jina na kiasi vimeandikwa sawasawa, na uitunze: pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha, mradi umehudhuria kila ulipotakiwa. Risiti iliyopotea imewasumbua wengi kuliko kesi yenyewe.

Adhabu ya kifungu cha 44 ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kifungu hicho kinaweza kumnasa hata aliyekaa nyuma ya usukani wa gari lililosimama barabarani.

Na yule anayetaka "tumalizane hapahapa" ajue kwamba Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika mtoaji sawa na mpokeaji: hadi miaka 10 jela, au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Dereva aliyekuwa na kesi moja ya kujitetea anajikuta na mbili.

Ukipigwa, ukitishwa au ukidaiwa pesa, usianzishe vurugu hapo barabarani. Shika nambari ya utumishi ya askari, saa na mahali. Kituoni omba nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Kisha peleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi. Andika usiku huohuo, kabla hujalala, maana wiki mbili baadaye wengi hawakumbuki hata walisimamishwa upande gani wa daraja.